Bure Tunayoilipia

Hivi karibuni mpwa wangu mwenye umri wa miaka tisa aliniomba simu acheze mchezo wa kupanga matunda. Nilimpa, kama tufanyavyo wengi tunapotaka utulivu wa nusu saa. Niliporejea sebuleni nilimkuta hachezi. Ametulia, macho kwenye kioo, anasubiri. Nilipomuuliza anasubiri nini, alinijibu bila kuinua kichwa: "Tangazo liishe, mjomba, nipate roho nyingine." Tangazo lenyewe lilikuwa la kampuni ya kubeti.

Sheria zetu zinamkataza mtu aliye chini ya miaka 18 kucheza kamari. Mpwa wangu akienda kwenye kibanda cha kubeti, hata mwenye kibanda asiye na haya atamfukuza. Lakini kibanda kilimfuata yeye, kikakaa naye kwenye kochi langu, na kikampa zawadi kwa kukubali kukitazama. Najua atakayesema kwamba mzembe ni mjomba. Nakubali sehemu yangu. Hata hivyo, uzembe wangu hauelezi kwa nini tangazo lile lilikuwapo pale.

Maelezo yake ni haya. Mchezo hutolewa bure, na kinachouzwa ni nafasi ndani yake. Kila mchezaji anaposhindwa hatua, nafasi ile hupigwa mnada baina ya mashine kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Mashine zinazonunua hazimjui mtoto, zinaijua simu. Simu ile ni ya mwanamume wa miaka arobaini na kitu, anayesoma habari za michezo na kulipa kwa simu. Kwa hesabu zao, aliyekuwa akipanga matunda ni mimi. Tangu Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inatumika nchini, nami naiunga mkono, lakini taarifa zilizotumika pale ni zangu. Mtoto hayumo kwenye kumbukumbu yoyote, na kwa sababu hayumo, hakuna anayewajibika kwake.

Ongezeni jambo moja ambalo wachumi wetu wangepaswa kulipigia kelele. Zamani redio na runinga zilituletea tangazo kwa gharama ya mtangazaji. Leo video ile ya sekunde thelathini imekula kifurushi cha intaneti nilichokinunua mimi. Tunalipia usafiri wa tangazo hadi nyumbani kwetu, kisha tunaambiwa mchezo ni wa bure!

Wanafunzi wangu hudhani haya yameanza na simu janja. La. Mwaka 2002 Jeshi la Nchi Kavu la Marekani lilitoa mchezo uitwao America's Army, bure kabisa, kwa lengo la kuwavuta vijana wajiunge na jeshi. Ulidumu takriban miaka ishirini. Mwaka 2006 Burger King iliuza michezo ya Xbox pamoja na vyakula vyake, mhusika akiwa yule mfalme wa matangazo yake, na watu wakatoa pesa kununua tangazo. Mwaka 2008 kampeni ya Barack Obama ilinunua mabango ndani ya Burnout Paradise, mchezo wa kuendesha magari, kuwahimiza wachezaji wapige kura mapema. Tofauti ni kwamba bango lile lilikuwa kando ya barabara, na dereva aliweza kulipita. Leo barabara yenyewe hufungwa hadi ulitazame.

Tusijifariji kwamba mambo haya hayatawaliki. Ubelgiji iliamua mwaka 2018 kwamba visanduku vya bahati vinavyouzwa ndani ya michezo ni kamari, na kampuni zikaviondoa huko. Desemba 2022 Epic Games, wenye Fortnite, walikubali nchini Marekani kulipa dola milioni 520 kwa makosa mawili: taarifa za watoto, na mbinu za kuwanasa wachezaji wanunue bila kukusudia. Nasi tutaambiwa kwamba mwenye mchezo yuko ng'ambo na mkono wetu haumfikii. Kweli. Lakini kampuni ya kubeti iliyolipia tangazo lile iko hapa, ina ofisi hapa, na inafanya kazi kwa leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Huyo mkono unamfikia.

Kuna vijana wa Dar es Salaam na Nairobi wanaotengeneza michezo na kuishi kwa matangazo. Sidai wanyang'anywe riziki. Wauze sabuni, soda, hata vifurushi. Ninachodai ni kidogo zaidi: tangazo la kubeti lisiingie katika mchezo wowote ulio wazi kwa watoto, hata kama simu ni ya mtu mzima, na mwenye leseni awajibike kwa kila mahali pesa yake inapolipeleka. Asijitetee kwamba mnada uliendeshwa na mashine. Pesa ni yake.

Leseni zina muda, na zikiisha huombwa upya. Afisa utakayelishika faili siku hiyo, wengine wenu mlipita darasani kwangu: mwulize mwombaji akuoneshe orodha ya michezo yote ambamo matangazo yake yalionekana mwaka uliopita. Asipokuwa nayo, faili lisipande juu.