Jambo OpenOffice iliishia wapi?

Wadau, mnaikumbuka Jambo OpenOffice? Ilitoka mwaka 2004, kazi ya mradi wa Kilinux pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam: programu ya kuandikia barua na kupiga mahesabu, Kiswahili tupu, bure, na ruksa kumnakilia jirani. Lakini sisi wa Mutuka tukienda kafe tunakutana na Windows ya kuchakachua. Flashi inaingia nzima, inatoka na virusi!

Nionavyo mimi, kutafsiri peke yake hakutoshi. Lazima fundi wa mtaani aijue programu, aifunge, awaelekeze wateja. LibreOffice, iliyozaliwa mwaka 2010 kutokana na OpenOffice, ni bure pia. Tunasubiri mradi mwingine wa nini jamani? Tuanze wenyewe.