Maalim Naye Arudi Chuoni



Kila aliyekulia Shela, kisiwani Lamu, amehadithiwa vita vya hapa. Mnamo 1812 hivi, jeshi la Pate pamoja na la Mazrui wa Mombasa lilishuka kwenye pwani yetu kwa wingi na kwa kiburi. Lilipozidiwa likageuka kukimbilia vyomboni, likakuta maji yamekupwa na vyombo vimekaa mchangani. Wakasukuma, havikwenda. Watu wale hawakukosa silaha wala ushujaa. Walikosa kuyatazama maji. Waliyaacha yamejaa, wakadhani yatawangoja.

Leo nataka kusema juu ya wakufunzi wa vyuo vyetu vya ufundi, nami sioni mfano unaowafaa zaidi ya huo. Elimu aliyoingia nayo mkufunzi siku ya kuajiriwa ni maji yaliyojaa, na hayakai. Asipoyatazama, siku moja atajikuta amekaa mchangani, naye amepakia watoto wa watu.

Nisije nikaonekana nawasema wenzangu, nitaanza na nafsi yangu. Nilifundisha ufundi wa mashini katika chuo kimoja cha pwani kwa zaidi ya miaka 20. Daftari la masomo niliandika mwaka wa kwanza, nikalivalisha gamba la plastiki lisiloe mvua, nikalibeba mpaka kingo zake zikawa kama masikio ya mbuzi. Ndani mlikuwa na mashini za boti za wakati wangu, zile za kuchanganya oili na petroli kwenye debe, ukisafisha kabureta na kubadilisha plagi safari inaendelea. Siku moja kijana mmoja, ambaye baba yake huendesha boti ya abiria, akanyosha mkono. "Maalim, mashini yetu mpya ikipiga mlio kisha ikajipunguza mbio yenyewe, huwa inataka nini?" Mimi mashini za namna hiyo nilikuwa nikiziona zikipita tu. Nikamwambia, "Tutafika huko." Muhula ukaisha, hatukufika.

Kijana yule hakunikosea adabu. Aliuliza la haki. Aliyemkosea ni mimi, na kosa langu halikuwa kutojua. Kosa langu lilikuwa kujifanya kwamba jibu liko mbele katika daftari, hali nilijua daftari limekwisha.

Hebu tulitazame hili neno chuo, maana limebeba wosia wa wazee. Katika lugha yetu ya kale chuo ni kitabu, na chuo vilevile ni pale mtoto alipopelekwa kusoma Kurani. Na mtu aliyebobea katika elimu tunamwitaje? Tunamwita mwanachuoni. Awe na ndevu nyeupe, awe na wanafunzi mia, bado ni mwana, na mahali pake ni chuoni. Wazee walikuwa na maneno mengi ya kumtukuza mtu, lakini mwenye elimu walimwachia jina linalomkumbusha kwamba yeye ni mtoto wa kitabu. Vipi basi leo mtu akipata cheti cha kufundisha aone kwamba kusoma kumemwondokea?

Msidhani haya ni maneno matupu ya kutunga. Sheikh Abdallah Bakathir alizaliwa hapa Lamu mnamo 1860 hivi. Alisoma kwa wanavyuoni wa hapa, akavuka kwenda Unguja kusoma kwa Sayyid Ahmad bin Sumait, naye mwenyewe akawa mwalimu wa kutegemewa. Mwaka 1897, akiwa mtu mzima mwenye wanafunzi wake, alipanda chombo akaenda Hadhramaut kukaa mbele ya masheikh wa huko, kisha akaiandika safari hiyo kitabu. Na Ibn Sumait, yule mwalimu wake, alikuwa amekwisha kuwa kadhi katika zama za Sultani Seyyid Barghash alipoondoka Unguja, akapita Hadhramaut, Istanbul na Makka akitafuta elimu kabla ya kurejea. Kadhi mzima! Hakuna aliyesema kwamba kadhi huyu hajui kazi yake ndiyo maana anakwenda kusoma. Watu walisema kinyume cha hayo.

Turudi kwenye zama zetu. Sheria ya mafunzo ya ufundi ya Kenya ya mwaka 2013 inamtaka mkufunzi awe amesomea, ameandikishwa na kupewa leseni. Mitaala nayo imegeuzwa ikawa ya umahiri: mwanafunzi hahesabiwi kwa alichokariri, anahesabiwa kwa kile mikono yake inachoweza kutenda mbele ya mtahini. Ni jambo jema. Lakini mwanafunzi atafikaje kwenye umahiri ikiwa mikono ya mkufunzi mwenyewe haijashika kazi tangu alipotoka masomoni? Mei 2021 gati la kwanza la bandari ya Lamu lilifunguliwa. Vijana wetu wanataka kufundishwa kazi za bandari, na baadhi ya wanaopaswa kuwafundisha huzitazama winchi za bandari kwa mbali tu, kama mimi na ile mashini. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Anayewafinyangia wenzake ustadi, yeye mwenyewe hula katika kigae.

Nafasi za kujiendeleza zipo, sitaki kusema uongo. Iko Gigiri, Nairobi, ile taasisi tuliyoijua miaka mingi kwa jina la KTTC, inayowafundisha wakufunzi wa ufundi wa nchi nzima. Mradi wa EASTRIP, uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, ulikichagua Chuo cha Taifa cha Ufundi cha Pwani kilichoko Mombasa, pamoja na vile vya Kisumu na Meru, viwe vituo vya ubora. Haya ni mambo ya kushukuru. Lakini mhesabieni njia mkufunzi wa visiwani: boti mpaka Mokowe, basi mpaka Mombasa, kisha karibu kilomita 480 nyingine mpaka Nairobi, na huko chumba, chakula na ada. Mkufunzi mwanamke mwenye mtoto wa kunyonya ukimwambia nafasi yako iko Gigiri wiki sita, umempa nafasi kwa mkono wa kulia na kuichukua kwa wa kushoto.

Na nani alipe? Mwaka 2021 tume ya kuajiri walimu, TSC, ilipozindua mafunzo ya kujiendeleza kwa walimu wa shule, ilitaka kila mwalimu atoe shilingi 6,000 kwa mwaka kutoka mfukoni mwake. Vyama vya walimu vikapinga vikali. Mimi nasema elimu ina gharama, na mwenye kuitaka hawezi kukwepa yote. Lakini faida ya mkufunzi aliyeiva inaliwa na chuo, na kaunti, na mwajiri wa kesho. Chombo hakiendi ila kwa nyenzo, na nyenzo haziachiwi baharia mmoja azinunue wakati abiria ni sote.

Hata hivyo sikukusudia kukaa hapa nikilia juu ya umbali. Nimekuja kusema kwamba nusu ya mafunzo tunayoyatamani yako hapa hapa, hatua chache kutoka mlangoni. Tumeyadharau kwa sababu hayana bango wala cheti.

Tazameni nyumba za Shela, za mawe ya matumbawe na boriti za mikoko. Fundi wa chokaa anajua jiwe lichomwe namna gani katika tanuu, chokaa ilowe muda gani, na ukuta usuguliwe vipi mpaka ung'ae. Anajua pia kwamba ukuta huu ukipigwa lipu ya saruji hauwezi kupumua: unyevu na chumvi hufungiwa ndani, na baada ya misimu michache lipu hudondoka vipande vipande na jiwe likaanza kuliwa. Mkufunzi wa ujenzi aliyesomea bara anafundisha kipimo cha saruji na mchanga kwa sababu ndicho alichofundishwa. Mji mkongwe wa Lamu uko katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2001. Nani atautunza, ikiwa chuo kinatoa mafundi wasiojua chokaa, na wanaojua chokaa hawana mwanafunzi?

Rai yangu basi ni hii: mkufunzi aende kwa fundi, na fundi aje chuoni. Likizo ya Disemba, vyuo vimefungwa, ndio wakati hoteli za Shela zimejaa wageni na boti hazilali. Mkufunzi wa upishi aingie jikoni mwezi mzima, avae kanga ya kazi au aproni, amenye vitunguu kama anayeanza. Mkufunzi wa mashini akae na fundi pale gatini. Muhula ukifunguka, fundi naye aitwe chuoni siku moja kwa wiki, aonyeshe kazi, alipwe haki yake, na mkufunzi amsaidie kuchora, kupima na kuandika yale ambayo mpaka sasa yanakaa kichwani mwake na yatazikwa pamoja naye.

Wenzetu wamelitengenezea jambo hili kanuni. Ujerumani, fundi anayetaka daraja la ufundi mkuu hatahiniwi katika kazi ya mikono peke yake. Sehemu mojawapo ya mtihani wake ni namna ya kufunza wanagenzi. Huko fundi na mwalimu wamekutanishwa katika mtu mmoja. Kwetu bado ni watu wawili, basi na tuwakutanishe. Njia imeanza kulainika: mwaka 2024 serikali ya Kenya ilizindua sera ya kutambua ujuzi ambao mtu ameupata kazini bila kupita darasani. Fundi wetu anaweza kupimwa kwa kazi yake, akapewa hati inayotambulika. Atakayekuja chuoni hatakuja kama mgeni wa kuonewa huruma. Atakuja na haki yake mkononi.

Najua nitaambiwa: Je, mwenye shahada akakae chini ya asiyejua kujaza fomu? Jibu nimelitoa: kadhi alipanda chombo. Heshima ya mkufunzi haikai katika kiti alichokalia. Inakaa katika jibu atakalompa kijana aliyenyosha mkono.

Nitaambiwa tena: Tukiwasomesha wakufunzi wataondoka, watachukuliwa na bara. Hili ni kweli kwa kiasi, wala sitalificha. Bakathir hakurudi kukaa Lamu. Alibaki Unguja, akafungua madrasa yake mtaa wa Ukutani, akafariki huko mwaka 1925. Lakini wanafunzi wake walienea pwani nzima, na jina la Lamu likaenda nao. Elimu ikitoka kwa mlango huu hurudi kwa mwingine. Kwa tahadhari, wawekeeni wakufunzi mnaowasomesha mkataba wa kutumikia miaka kadhaa; hiyo ni haki. Kuwanyima masomo ili wasiondoke si tahadhari. Ni kutoboa dau lako ili jirani asiliazime.

Sasa nawausia, kila mmoja kwa mlango wake. Ewe mkufunzi, usingoje barua ya wizara. Chukua daftari lako leo usiku, tia alama kila ukurasa ambao hujaushika kwa mikono yako katika miaka mitano, na hiyo ndiyo silabasi yako mwenyewe. Ewe mkuu wa chuo, mkufunzi aliyekwenda kujifunza kwa fundi mhesabie yuko kazini, usimkate siku zake. Nanyi wa kaunti, mkiwasomesha vijana, tengeni fungu la wanaowafunza, na wakufunzi wa Gigiri na Mombasa waleteni huku visiwani; ni rahisi zaidi kumvusha mwalimu mmoja kuliko kuwavusha ishirini. Ninyi mafundi, msifiche kazi. Fundi aliyekufa na siri yake hakuirithisha, aliiua. Na ninyi wazazi, mnapompeleka mtoto chuoni msiulize ada peke yake. Ulizeni pia: huyu atakayemfundisha, mara ya mwisho alisoma lini?

Mimi nilistaafu kabla sijapata ujasiri wa kufanya haya, nikayafanya nikiwa sina tena mwanafunzi. Asubuhi moja nilikwenda gatini kwa fundi mmoja, kijana wa umri wa mwanangu, akiwa amefungua mashini ya ile namna iliyonishinda. Nikamtolea salamu nikamwambia ukweli kwamba nimekuja kusoma. Alisita, maana aliona haya kwa ajili yangu. Kisha akageuza debe tupu la petroli, akalifuta kwa kitambaa, akaniambia, "Karibu, maalim, keti hapa." Nikaketi. Akaniunganishia waya kwenye kompyuta yake ndogo, akanionyesha: mashini ile ikihisi joto limezidi au oili imepungua hupiga mlio ikajizuia, isije ikajiua. Ilikuwa kazi ya robo saa. Kwa robo saa ile nilimnyima kijana wa watu muhula mzima.

Ndugu zangu wakufunzi, ninyi bado mna wanafunzi. Debe liko pale gatini. Maji yangali yamejaa. Pandeni kabla hayajakupwa.