Kijana na Kazi ya Uashi

Yuko mzazi wa Kisaki ampelekaye mwanawe kwa fundi mwashi, kisha baada ya miezi michache humtoa, eti amekwisha jua kupiga lipu. Mtoto huyo bado hajajifunza kazi!

Mwanagenzi huanza kwa kubeba mawe na maji, wala asione haya: Nabii Ismail (a.s.) alimpokeza mawe babaye, Nabii Ibrahim (a.s.), walipoijenga Al-Kaaba. Kisha ajue kupima pembe: futi 3 upande huu, 4 upande ule, na kamba ya mshazari itimie 5 barabara, isipotimia, pembe imepinda. Tofali la kuchoma alirowesha kwanza, maana likiwa kavu hunywa maji ya mchanganyiko wa saruji, na ukuta haushikani. Ukuta nao aumwagilie siku 7. Lipu huyaficha hayo yote, na mwenye nyumba hana habari mpaka masika.

Aliyejifunza kwa fundi mtaani aweza pia kupimwa ujuzi na kupewa cheti na VETA, iliyoundwa kwa sheria ya 1994, yenye chuo Kihonda, Morogoro. Nauli ya huko mzazi aianze kuiweka sasa.