Kibao cha "Mbwa Mkali" Hakitoshi

Leo tuyaweke mapishi pembeni tuzungumze habari ya mbwa wakali, na zaidi habari ya wenye mbwa hao. Ukiona si jambo la kina mama, subiri kwanza tufike mwisho.

Kilakala ni kata ya mjini Morogoro, chini kabisa ya milima ya Uluguru. Ukipita kwenye nyumba za geti utakisoma kibao kile kile tunachokijua sote: "Mbwa Mkali". Usiku mbwa hufunguliwa alinde, na hapo sina neno, maana wezi wapo. Shida ni alfajiri. Geti linafunguliwa gari litoke, na mbwa naye anatoka. Saa hiyo hiyo barabarani wamo watoto wa skuli, wamo wanaokwenda kuswali, na wamo kina mama wa Kiluguru wanaoshuka mlimani na ndizi na mboga kuelekea Soko la Chifu Kingalu. Mwanamke mwenye tenga kichwani na mtoto mgongoni hawezi kukimbia, wala hawezi kuinama aokote jiwe.

Mtoto akiumwa, utasikia: "Lakini si kibao kipo?" Kibao kinamuonya anayeingia ndani. Barabara ni ya watu wote, haina kibao. Tena kibao hicho kinaweza kumgeukia mwenyewe, kwa sababu kinaonesha kwamba alijua mbwa wake ni mkali. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 233, inamhesabu kuwa na kosa mtu ambaye kwa uzembe hachukui tahadhari dhidi ya hatari inayoweza kutokana na mnyama aliye mikononi mwake. Kwa hiyo sheria ipo. Ila hiyo kwa kawaida huja baada ya meno kuingia. Mimi nataka ile inayokuja kabla.

Hiyo ni sheria ndogo ya halmashauri. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya mwaka 1982, Sura ya 288, imezipa halmashauri za miji uwezo wa kutunga sheria ndogo. Lakini kuna njia yake. Wananchi wanatangaziwa kinachokusudiwa ili watoe maoni na pingamizi, madiwani wanapitisha, Waziri mwenye dhamana anaridhia, kisha inachapishwa kwenye Gazeti la Serikali. Mwenyekiti wa mtaa, ambaye huku kwetu visiwani tungemlinganisha na sheha, hawezi kusimama na kipaza sauti akatangaza kwamba kuanzia kesho kila mbwa auawe. Hilo ni tangazo tu. Na sheria ndogo yenyewe haiwezi kwenda kinyume na sheria ya Bunge, na ipo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inayokataza ukatili kwa wanyama. Kumwaga nyama yenye sumu vichochoroni, pale pale wanapocheza watoto wetu, ni hatari juu ya hatari.

Basi sheria ndogo nzuri iseme nini? Kwa maoni yangu, iwe fupi na itekelezeke. Kila mbwa aandikishwe kwa jina la mtu. Achanjwe kichaa cha mbwa kila mwaka na mwenyewe awe na cheti. Akiwa nje ya ua awe na kamba na mtu mzima wa kuishika. Mbwa aliyekwisha kumshambulia mtu bila kuchokozwa atangazwe rasmi kuwa wa hatari, afungwe mdomo anapotolewa, na ukuta au uzio wake ukaguliwe. Mwenyewe alipie matibabu ya aliyeumwa, na akirudia atozwe faini.

Kabla mbwa hajatangazwa wa hatari, mwenyewe asikilizwe. Katiba yetu, ibara ya 13(6)(a), inampa kila mtu haki ya kusikilizwa. Pengine mtoto aliruka ukuta kufuata maembe. Pengine ni ugomvi wa majirani, na mbwa ametumiwa kama fimbo. Uamuzi usiopitia hapo hautadumu mahakamani.

Wapo wanaosema tupige marufuku aina fulani za mbwa, basi. Uingereza walianza hivyo mwaka 1991, wakataja aina nne, pit bull ikiwemo. Zaidi ya miaka thelathini baadaye walilazimika kuongeza aina nyingine, XL bully, maana watu waliendelea kuumwa na kuuawa na mbwa ambao hawamo kwenye orodha. Na kwetu, mbwa wengi ni wale wa kienyeji wasio na jina la aina yoyote. Orodha itatusaidia nini? Tutazame tabia ya mbwa na uzembe wa mwenyewe.

Ada nayo isiwe kubwa. Mwenye nyumba ya geti atalipa, lakini bibi wa kule mlimani mwenye mbwa mmoja wa kufukuzia nyani shambani atasema "si wangu", na mbwa asiye na mwenyewe hachanjwi na mtu. Pemba imetufundisha hapa. Kampeni za kuchanja mbwa kwa wingi ziliutokomeza ugonjwa kisiwani kufikia 2014. Uliporudi mwaka 2016 kutoka nje ya kisiwa, ni chanjo hiyo hiyo iliyoufukuza tena. Morogoro kuna Chuo Kikuu cha Sokoine kinachosomesha madaktari wa mifugo, kwa hiyo utaalamu uko jirani.

Najua kuna dada atasema, mbwa si najisi, wa nini kumhangaikia? Udhu wetu una hukumu zake, sizigusi. Lakini sote tumesomeshwa habari ya aliyesamehewa dhambi kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu. Kumzuia mbwa asidhuru watu hakuhitaji kumtesa.

Na ikitokea mtoto ameumwa wakati sheria bado haijaja, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kumi na tano, kisha hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo. Usipake majivu wala mafuta, usingoje kuona. Kichaa cha mbwa kikishaonesha dalili, karibu hakuna anayepona.

Sasa dada yangu wa Kilakala, na wewe wa Wete na Mwanakwerekwe, ukisikia mkutano wa mtaa au wa shehia, nenda. Mara nyingi tunawaachia wanaume, na wengi wao wakati wa tenga na watoto wa skuli wanapita wako ndani ya gari. Sema ulichokiona, taja saa na njia, omba kiandikwe kwenye muhtasari. Diwani hawezi kupeleka barazani jambo ambalo hakuna aliyemwambia.

Allah atulindie watoto wetu. Amin.