Mkalimani haokotwi barabarani

Kwenye mikutano mikubwa ya migodi hapa Lubumbashi, wageni wanavaa vifaa vya masikioni. Nyuma ya kioo wanakaa wakalimani wawili, wanapokezana kila nusu saa hivi, sababu kusikia Kifaransa na kusema Kiingereza papo hapo kunachosha akili haraka. Hotuba wanapewa mapema wazisome. Ni kazi ya kusomea, na hakuna anayebisha.

Sasa toka mjini, fuata barabara ya Likasi. Mwaka jana nilifika kwenye mkutano wa kijiji kimoja na kompani ya migodi. Mkalimani alikuwa shofere wa kompani ile ile. Mkubwa wake akasema kwa Kifaransa kwamba kompani inajifunga kuchimba visima viwili mbele ya mvua. Shofere akageukia watu: “Bwana anasema watajaribu kutuletea maji.” Wazee wakapiga makofi. Mimi, kalamu mkononi, nilinyamaza, na mpaka leo inaniuma.

Shofere simlaumu sana. Hakuna aliyempa karatasi asome, na anakula kwa yule anayemtafsiria. Neno likiwa gumu, analiruka.

Lakini tangu Kanuni ya Migodi ilipobadilishwa mwaka 2018, kompani inapashwa kusaini na wanakijiji daftari la masharti, na kutoa angalau 0.3% ya mauzo yake juu ya maendeleo yao. Hiyo ni deni, si zawadi. Mama aliyeambiwa “watajaribu” ataenda kudai nini?

Katiba yetu, kifungu cha 18, inataka mtu aliyekamatwa aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa. Huko La Haye, katika kesi ya Thomas Lubanga iliyoanza Januari 2009, mashahidi wa Ituri walisema Kiswahili chao na wakalimani wa korti wakakitafsiri. Mwanakijiji anayepoteza shamba hastahili kusikilizwa vile?

Ningependa mkalimani akubaliwe na pande zote mbili, apewe daftari wiki moja mbele, na malipo yake yasipitie mkononi mwa mkubwa wa kompani. Vijana waliosomea lugha wako wengi hapa mjini, wanauza vocha za simu.

Visima havijachimbwa. Mkutano mwingine ni mwezi ujao, na nasikia mkalimani ni shofere yule yule.