Zebaki inaondoka kwenye meno: mzazi ujue nini kuhusu jino lililozibwa

Novemba 2025 huko Geneva, nchi zilizo kwenye Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, Tanzania ikiwemo, zilikubaliana kwamba matumizi ya amalgamu, ile dawa ya kijivu ya kuzibia meno, yakome ifikapo 2034. Karibu nusu ya amalgamu ni zebaki. Kwako mama, uamuzi wa mwaka 2022 unakugusa zaidi: nchi wanachama zinatakiwa kuizuia, au kutoipendekeza, kwa watoto wa chini ya miaka 15, wajawazito na wanaonyonyesha, isipokuwa daktari wa meno akiona hakuna budi.

Kama una amalgamu ya zamani isiyokusumbua, usikimbilie kuitoa. Kuichimba hutoa mvuke mwingi wa zebaki kuliko kuiacha, na ukiwa mjamzito ni vema kusubiri.

Inayochukua nafasi yake zaidi ni kompositi, dawa ya rangi ya jino inayogandishwa kwa mwanga wa bluu. Inapendeza, lakini kwenye tundu kubwa la gego haivumilii kama amalgamu. Wengi hukaa nayo miaka mitano hadi kumi, wengine zaidi. Jino lazima liwe kavu wakati wa kuziba. Mate yakiingia haishiki vizuri. Kwa mtoto anayelia na kujipindua, hiyo ni kazi kweli.

Kwa hiyo kwa mtoto mdogo, ulizia sementi ya glasi ayonoma. Haihitaji taa ya kuigandisha na hutoa floraidi kidogo kidogo. Njia ya kukwangua sehemu iliyooza kwa vifaa vya mkono, bila mashine, kisha kuziba, ilianzia hapa hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980. Inashangaza kwamba wazazi wengi bado wanaomba jino ling'olewe tu.

Jino lililozibwa bado linaweza kuoza, na huanzia ukingoni, pale dawa inapokutana na jino. Chai yenye sukari inayonywewa kidogo kidogo kutwa nzima hulisha uozo huo. Kahawa huibadilisha kompositi rangi, ila hilo ni la sura tu. Kinachovunja ni kutafuna amwani ngumu upande uliozibwa, kumenya muwa kwa meno na kufungua soda kwa gego.

Piga mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floraidi: kiasi cha punje ya mchele kwa aliye chini ya miaka mitatu, punje ya njegere kwa wa miaka mitatu hadi sita. Mpigie wewe mpaka afike miaka saba hivi. Ateme, asisuuze kwa maji mengi.

Maji baridi yakimchoma siku chache za mwanzo, ni kawaida. Jino likigonga kabla ya mengine anapouma, mrudishe likwanguliwe kidogo. Chakula kikianza kunasa, ukingo ukiwa mweusi au maumivu yakimwamsha usiku, usingoje siku ya kliniki.