Mhudumu wa saiba apewe ruhusa ya kazi moja tu

Juni inapoyoyoma, saiba za Kanja katika kaunti ya Embu, kama za miji mingine ya Kenya, hupokea watu wanaokimbizana na tarehe 30, siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za kodi. Mkulima wa majani chai humtajia mhudumu PIN yake ya KRA, mamlaka ya mapato, na nywila ya iTax, mfumo wake wa mtandaoni. Mhudumu huzinakili daftarini, huingia, hujaza ritani na kuchapisha stakabadhi. Mkulima huenda zake. Nywila hubaki daftarini.

Mhudumu huyo hastahili lawama. Mfumo ndio unaomlazimisha kujigeuza mkulima mzima ili atekeleze kazi ya dakika chache.

Waundaji wa mfumo endeshi wa Linux walikabili tatizo hilo miaka mingi iliyopita. Seva ya faili huhudumia watumiaji wengi kwa wakati mmoja, na kila faili lazima ifunguliwe kwa ruhusa za mtumiaji anayeiomba. Linux 1.2, iliyotoka mwaka 1995, ilileta setfsuid, amri inayobadilisha utambulisho wa kufikia faili pekee, mengine yote yakibaki yalivyokuwa. Isitoshe, kerneli, yaani kiini cha Linux, huhifadhi utambulisho wa kila uzi (mkondo wa kazi) wa programu peke yake. Lakini maktaba ya glibc, ambayo programu nyingi huipitia kuiomba kerneli kazi, kwa kufuata kanuni za POSIX, huzibadilisha nyuzi zote kwa pamoja. Ndiyo maana Samba, programu ya seva ya faili iliyoanzishwa na Andrew Tridgell wa Australia, huikwepa maktaba hiyo na kuiomba kerneli moja kwa moja: uzi mmoja huvaa utambulisho wa mteja, humaliza kazi, huuvua. Nyuzi jirani haziguswi.

Kubadilisha utambulisho bila kuhakikisha kwamba umebadilika ni hatari. Mwaka 2010 wadukuzi waligundua kwamba huduma moja ya simu za Android ilianza na mamlaka yote, kisha ikajaribu kuyaachilia bila kukagua jibu la kerneli. Waliijaza simu michakato hadi kikomo, jaribio likagonga mwamba, na huduma ikaendelea kufanya kazi ikiwa na mamlaka yale yale.

Serikali inayohamishia huduma zake kwenye jukwaa la eCitizen inapaswa kuiga nidhamu hiyo ya kuvaa utambulisho kwa kazi moja na kuhakikisha umevuliwa. Mhudumu wa saiba aingie kwa jina lake mwenyewe; mkulima aidhinishe kwa simu yake kazi moja, kwa mfano kuwasilisha ritani ya mwaka huu; ruhusa ikome kazi inapokamilika, na kumbukumbu ionyeshe nani alimfanyia nani nini. Si ndoto, kwani iTax tayari inawatambua mawakala wa kodi waliosajiliwa. Nayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka taarifa za mtu zitumiwe kwa kusudi ambalo zilikusanyiwa tu.

KRA ianze na ritani za watu binafsi, kwa sababu hapo ndipo foleni ya saiba huwa ndefu na nywila hupita mikononi mwa wengi.